Mama Mipira na Boneti ya Ndege

Kuna kijana wa viatu amekaa mbele ya mlango yangu hapa Kawangware 46, na kila asubuhi ananiamsha na harufu. Si harufu mbaya. Ni ile ya tyubu ya lori ikikatwa na kisu imechovywa maji. Nyinyi wa rika langu mnaijua: ni kama mvua ya kwanza imeanguka kwa lami, halafu ndani yake kuna kitu kama maziwa imeungua kidogo. Juzi nikamwambia, "We kijana, unakata mpira kama mtu anakata mkate ya jirani." Akacheka, akafanya ule mdomo wao wa siku hizi, wa kuita nyanya shosh, "Shosh, kwani unajua mpira?"

Ati najua mpira! Mimi nimelishwa na mpira, nimevishwa na mpira. Nikamwambia lete hiyo kisu. Nikaishika, nikaweka tyubu kwa paja, kisu ikaenda kombo, nikamrudishia. Akadhani ni uzee. Si uzee. Mkono ya kukata haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama yangu.

Tulikuwa tunakaa Lindi, kule Kibera, nyumba ya matope na mabati juu, mama na mimi tu. Baba alikuwa ameenda upande wa Uganda kutafuta kazi, na kazi ikampata kabisa, hakurudi. Mama akawa ananunua tyubu zimechoka za lori, anazikata kamba za kufungia mizigo kwa baiskeli, anakata na mikanda ya akala, vile viatu vya tairi. Watu wakamwita Mama Mipira. Hakuwanga na rula. Anachovya kisu kwa maji, anashika pumzi, halafu anavuta. Ule ukanda unatoka mrefu, upana moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama ulizaliwa hivyo. Akimaliza ndio anaachilia pumzi. Miaka mingi nilifikiria mama yangu anaweza kuishi bila hewa.

Na kitu ingine alikuwa bingwa ni kuziba. Mliokaa Lindi wakati wa baridi mnajua ule upepo unapanda kutoka mtoni, unaingia chini ya mlango bila kubisha. Kila nyumba ilikuwa imezibwa na gunia, na karatasi ya unga, na shati ya marehemu. Msichana akitaka kuolewa, kabla aangalie sufuria ya mwanaume anaangalia nyufa zake. Sasa mama aliziba na mpira, kuta zote, na zaidi alikuwa anachukia tundu ya chini. "Tundu ya juu inaingiza baridi," alikuwa anasema, "lakini tundu ya chini inaingiza baridi, inaingiza panya, inaingiza na mafuriko." Ukiacha tundu ya chini wazi kwa nyumba ya mama yangu, heri ungetukana kanisani.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na uwanja, na kwa huo uwanja kulikuwa na ndege. Si kuku, si njiwa. Ndege ya kupanda mtu.

Ilikuwa ya Mutua. Mutua alikuwa Mkamba wa Kitui, mwembamba, mpole, kazi yake kufagia na kushikilia watu spana kwa mabanda ya zile ndege ndogo, pale ng'ambo ya Kibera, na marubani wa huko walikuwa wamemfundisha kurusha kidogo kidogo. Kwao alikuwa anachonga vinyago. Siku moja akiwa na ufagio akaangalia propela ya mbao akasema, "Hii hata mimi naweza chonga." Hivyo ndivyo ilianza. Akachonga propela kwanza, ndio akaanza kutafuta ndege ya kuiweka. Ni kama mtu anunue kifungo, halafu atafute shati.

Akakaa miaka akiokota. Mwili akafanya na paipu. Mabawa akafanya na mbao nyepesi, akafunika na kitambaa ya merikani, akapaka rangi mpaka ikakauka ngumu, ukigonga inalia kama ngoma. Injini akaitoa kwa lile gari dogo la mgongo wa kobe, mnalikumbuka, injini nyuma, halina maji, linapozwa na upepo tu. Mimi hiyo injini ilinipa wasiwasi sana. Niliona imezoea barabara. Siku wataipeleka kuruka itakataa kupanda juu, itashika njia ya Town kama kawaida yake.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa Mama Zena, landilodi wetu, Mnubi, mnene, anapita na udi inamfuata nyuma kama mtoto. Alikuwa ameleta miti ya kujenga vyumba vingine vya kupangisha, na hiyo miti ilikuwa imelala kando ya bawa, inangoja. Asubuhi anasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Wallahi, Mutua, hii ndege yako itaruka ama itaangua mayai? Mie nataka uwanja wangu."

Mutua akamsihi. Akasema kuna mzungu mmoja wa kukagua ndege, anamjua kutoka kazini, amekubali kuja kusikiliza injini. Mzungu akisema iko sawa, ndege inabebwa siku hiyo inaenda uwanja wa ndege. Akisema haiko sawa, Mutua atachukua msumeno kwa mkono yake mwenyewe, aikate, wenye vyuma kuukuu wabebe.

"Umesikia wewe mwenyewe," Mama Zena akasema. "Mzungu akikataa, hiyo jioni nachimba mashimo."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali. Mtu na ndege yake upande huu, miti upande ule.

Kilichobaki ilikuwa mpira. Mutua akaja kwetu ameshika kofia mkononi. Alikuwa na ule ulimi wa Kikamba unateleza, mimi nilikuwa namwigiza mpaka mama ananifinya. "Mama Mipila," akasema, "hii injini inapozwa na upepo. Upepo unaingia na haya matundu ya mbele. Lakini ukifika ndani, unatoloka. Unapita juu, unapita kando, injini inabaki na joto yake. Nataka unizibie kila pahali upepo unatolokea."

Akamwonyesha. Injini imezungukwa na vipande vya bati, halafu boneti ya ndege inakuja juu kama kifuniko. Kati ya bati na boneti kunabaki nafasi ya kidole, pande zote. Hapo ndio mpira inakaa. Inashonwa kwa bati, na boneti ikifungwa, mpira inaiegemea, inajibana.

Siku hiyo mama hakugusa kisu. Alipitisha vidole tu kwa ukingo wa boneti, polepole, macho amefunga, kama mtu anatafutia mtoto chawa. Kesho yake akaleta tyubu. Akajaribu nyembamba, ikakunjika vibaya. Akajaribu nene, boneti ikakataa kufunga. Mwisho akapata tyubu ya trakta, laini kama sikio ya mbuzi. Akakata, akatoboa, akashona na sindano ya viatu na waya ya shaba. Na kuna kitu akagundua akiwa anapuliza na mdomo. Mpira ikilala ikiangalia nyuma, upepo unaisukuma inafunguka kama mlango ya baa. Ikilala ikiangalia mbele, upepo vile unaisukuma ndio inazidi kujibana.

"Unaona," akaniambia, "imekuwa kama mimi. Ukinisukuma ndio nakaa."

Mutua akirudi kazini jioni anakuja moja kwa moja kuangalia. Anabonyeza mpira na kidole, inarudi. Anabonyeza tena. "Mama Mipila," anasema, "hii sasa ni kama ndege imezaliwa nayo." Na mama anajifanya hajasikia, lakini siku hiyo ugali inakuwa kubwa.

Mimi nilikuwa nakaa chini ya bawa nikijua kila kitu. Nilijua ndege inazibwa kwa sababu huko juu kuna baridi. Si nilimwona mama akiziba kwetu hivyo hivyo? Nikaona Mutua ana bahati, ndege yake haitawahi pata kikohozi.

Na kumbe mama naye, ndani ndani kabisa, alikuwa anafikiria kama mimi. Kwa sababu alipomaliza juu na kando, akainama akaona kwa tumbo ya boneti kuna tundu. Refu, pana, wazi, iko chini. Tundu ya chini! Mutua alikuwa kazini. Mama akatikisa kichwa. "Wanaume," akasema. "Anahangaika na dirisha, na mlango ameacha wazi." Akalala chali kwa vumbi, akakata kipande kizuri kuliko vyote amewahi kukata, akakishona kwa ndani, waya kwa waya. Hata siafu hangepita. Akatoka huko chini akijipangusa mgongo, amefurahi kama mtu ameficha zawadi.

Jumapili baada ya kanisa Mutua akataka kuijaribu kabla ya mzungu kuja. Akaweka mawe mbele ya magurudumu, mkia akaufunga kwa nguzo. Lindi yote ikajaa hapo. Akashika propela, akaivuta mara moja, haikutaka. Akaivuta tena, ikakubali. Jameni, ile sauti! Kuku za Mama Zena zilihama, zingine zilionekana Sarang'ombe. Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga kigelegele, Mutua amesimama anacheka bila sauti, meno yote nje.

Hatujamaliza hata kushangilia, harufu ikabadilika. Rangi ya boneti ikaanza kuungua. Mutua alikuwa ameweka kile kisaa cha kuonyesha joto, na sindano yake ikapanda, ikaingia kwa nyekundu, ikalala huko. Akazima. Akangoja ipoe, akawasha tena. Ikaingia kwa nyekundu haraka kuliko ile ya kwanza. Akazima.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, vile watu huondoka kwa mtu amefiwa. Mutua akakaa chini, mikono kwa magoti. "Injini ndio mbaya," akasema. "Nilinunua mgonjwa."

Mimi nikasikia mgonjwa, na nikaona ana joto, nikajua ni homa. Nikakimbia kwetu nikalowesha lesso ya mama kwa ndoo, nikarudi nikaitandika juu ya boneti. Ikalia tssss. Waliobaki wakacheka. Mutua hakucheka. Akainuka, akainyoosha ile lesso vizuri pande zote, kama mtu anafunika mtoto, akaniambia, "Asante, mama."

Mama Zena akatoka akaangalia. Akaenda tu kwa miti yake, akaigeuza mmoja mmoja kuona kama mchwa imeingia. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Mama yangu alikataa habari ya injini mgonjwa. Alisema ni mpira. Alisema kuna mahali upepo bado unatoroka na yeye hajapaona. Hata chakula ikamshinda. "Huyo mtu atakaa ndani ya hicho kitu huko juu," akaniambia, kama mimi ni mtu mzima. "Ikishika moto huko, atashukia wapi?"

Sasa hapo ndio Kukhu anaingia. Kukhu ni nyanya yangu, mama ya mama, na wakati huo alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bunyore. Alikuwa anavuta sigara vile wamama wa zamani walivutanga, moto ndani ya mdomo, nje unaona tu kipande nyeupe. Angeweza kuongea, kuimba na kutukana na moto ikiwa ndani. Na kwao, akienda sokoni kununua chungu, hakuwa anagonga na kidole kama wengine. Anapuliza moshi ndani ya chungu, anafunika na kiganja, anaizungusha. Penye ufa, moshi inamwambia. Wauza vyungu wakimwona anakuja na sigara walikuwa wanakumbuka safari.

Mama akamshika mkono, akampeleka uwanjani. "Mama, njoo unipimie hii chungu."

Kukhu akaizunguka ndege yote, polepole, na ile sauti yake nzito ya Bunyore: "Hii ntege inabeba watu wangapi?"

"Mmoja."

"Na mzigo?"

"Haibebi mzigo."

"Hata kuku?"

"Hata kuku, mama."

"Sasa mwana wanje, si mngenunua punda?"

Lakini akakubali. Mama akaziba tundu moja ya mbele na kiganja. Kukhu akavuta mpaka mashavu ikaingia ndani, akaweka mdomo kwa ile tundu ingine, akapuliza. Mama macho yote kwa mipira yake, anangoja kuona moshi itatokea wapi.

Haikutokea popote. Ilirudi. Ilimrudia Kukhu kwa macho na kwa pua, akakohoa mpaka sigara ikaruka. Akaokota, akapuliza tena kwa hasira, ikamrudia tena. Akajipangusa macho na kitambaa ya kichwa. "Nyinyi," akasema, "hii ntege mmeilisha tu. Mmeifunga choo!"

Wamama waliokuwa wanaanika nguo hapo wakacheka, mwingine akakaa chini kwa matope na nguo safi mkononi. Mama peke yake hakucheka. Nilimwona amesimama vile alikuwa anasimama kabla ya kukata, ameshika pumzi. Halafu akalala kwa vumbi, akaingia chini ya tumbo ya ndege, akaangalia kile kipande chake kizuri.

"Mama," akasema kutoka huko, na sauti ndogo. "Upepo ukikosa pa kutokea, hauwezi ingia."

"Si ndio nakwambia? Hata hiyo nyumba yako. Ukiwasha jiko nakohoa siku mzima. Nilinyamaza, nikafikiria ni maringo ya mjini."

Nilisikia kisu ikikata waya, moja, ingine, ingine, mpaka kile kipande kikamwangukia kwa kifua. Akakitupa kando. Akasema, "Puliza tena."

Kukhu akapuliza. Moshi ikaingia. Ikapotea huko ndani, halafu ikaanza kutoka chini polepole, ikamfunika mama uso wote, na hapo ndio mama akacheka, amelala chali kwa vumbi, anakohoa na anacheka. Na kwa sababu sasa moshi inatembea, ikaanza kuonyesha na siri zingine. Kwa kando ya kushoto, karibu na paipu, ikatokea uzi moja nyembamba. Mama akaweka kidole hapo, akashona. "Tena." Ikatokea kwa kona ya nyuma. Akaweka kidole, akakata, akashona. "Tena." Pakiti ikaisha, Kukhu akasema kichwa inazunguka kama propela. Mama Zena, ambaye alikuwa anachungulia kwa mlango akijifanya anafagia, akatuma mtu dukani alete sigara ingine. "Mie nataka tu kuona mwisho," akasema. Walimaliza jua ikiwa inashuka, na moshi yote, kila kidogo, ilikuwa inapita kwa injini na kutoka chini.

Mutua aliporudi, mama hakumzungusha. Alimwambia akiwa bado hata hajaweka mfuko chini. "Mutua, injini yako ni mzima. Mimi ndio nilikufungia ndege choo." Akamwonyesha kile kipande.

Mutua akakishika, akakigeuza. Akaangalia ile kazi, vile matundu ya waya yamepangwa. Nilingoja akasirike. Akasema, "Mama Mipila, ni mimi nilikuambia kila pahali. Na hata kwangu nimeziba kila pahali. Hapa Lindi nani anajua tundu ya kuacha?"

Mzungu akaja. Mrefu, masikio mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea na mguu moja. Akazunguka ndege, akainama, akachungulia, akaguna. Halafu akaitisha kiti na chai. "Mimi hapana angalia saa," akamwambia Mutua. "Wewe washa injini, mimi kunywa chai. Chai kwisha, injini bado mzuri, leta ndege uwanja. Injini moto sana…" Akafanya hivi na mkono, kama msumeno.

Chai alitengeneza Mama Zena. Ya tangawizi, kwa kile kikombe kikubwa cha bati, bado inachemka ikimfikia mkononi. Mutua akavuta propela, ikakubali mara ya kwanza, vumbi ikapanda, merikani ya mabawa ikaanza kutetemeka.

Kukhu akaona vile kikombe inatoa moshi, akamvuta Mama Zena kwa kanga, akampigia kelele kwa sikio. "Wee! Mbona umempa moto hivyo? Ongeza maziwa baridi amalize haraka!" Na Mama Zena, yule wa nataka uwanja wangu, akaangalia miti yake, akaangalia Mutua amesimama hapo na jasho, akachukua jagi ya maziwa. Nilimwona na macho yangu.

Mama yangu akaweka kiganja juu ya jagi. "Wacha iwe moto," akasema. "Huko juu hakuna mtu wa kumpozea Mutua."

Huyo mzungu alikuwa anakunywa kama kuku. Kidogo, halafu anaangalia mbinguni. Kidogo, halafu anaangalia mbinguni. Sindano ya joto ikaanza kupanda. Mutua macho yake yalikuwa hapo, mdomo unaenda, sijui ni maombi ama ni nini. Sindano ikapanda, ikakaribia nyekundu, ikasimama. Ikasimama hapo kama mtu amefika kwa mlango ya watu akakumbuka adabu. Mzungu akavuta, akapuliza, akavuta. Mwisho akageuza kikombe chini juu, tone moja ikaanguka.

"Kwisha," akasema.

Mutua akanyoosha mkono azime. Na hapo mama yangu akafanya kitu sijawahi ona mtu mwingine akifanya. Akamwendea mzungu, akatoa kikombe mkononi mwake, akampelekea Mama Zena. "Mwongeze."

Mutua akamwangalia kama mtu anataka kulia. Akapiga kelele juu ya injini, "Mama Mipila! Amesema kwisha!"

"Amesema yeye," mama akajibu. "Mimi sijasema."

Mzungu akamwangalia mama, akaangalia mikono yake nyeusi ya mpira, masikio ikazidi kuwa nyekundu. Akacheka. Akakaa tena. Na hiyo kikombe ya pili aliinywa polepole kuliko ya kwanza, na sindano haikusonga.

Waliibeba wanaume, mabawa yametolewa, wanapita nayo kati ya nyumba wanaimba, kama wanabeba jeneza na marehemu amefufuka. Mama Zena hata hakungoja vumbi ishuke. Nyuma yao nilisikia jembe yake ikiingia kwa udongo. Lakini alikuwa anachimba na anapangusa macho.

Siku ya kuruka, Lindi yote ilikuwa imejibana kwa ua ya uwanja wa ndege, vidole kwa waya. Mama aliingizwa ndani, kwa sababu Mutua alisema haruki kama fundi wake wa mpira hayuko hapo na kisu yake, na mimi niliingia nimeshika sketi. Ndege ikakimbia kwa nyasi, ikakimbia, mkia ukainuka, halafu kati ya gurudumu na nyasi kukawa na mwangaza. Haikuenda Town. Ilipanda, ikazunguka juu ya mabati yote ya Kibera, na huko kwa ua watu walikuwa wanalia, wanajitupa, mtu mzima mmoja amepanda mabega ya mwingine. Kila mtu shingo juu. Mama alikuwa anaangalia chini. Ameinamisha kichwa anasikiliza, kama mtu ameacha sufuria kwa moto chumba ingine.

Ikashuka, ikaruka ruka kama mbuzi, ikatulia. Propela ikasimama. Mutua akatoka, uso umejaa mafuta na machozi, akanyoosha mikono yote miwili kwa mama.

Mama akampita. Akapiga magoti kwa nyasi, akaweka kiganja chini ya tumbo ya ndege, pale kwa tundu. Joto ilikuwa bado inatoka. Akaingiza vidole, akagusa mipira yake, hapa, na hapa, na hapa. Akakaa hivyo.

Mutua amebaki amesimama, mikono bado hewani. "Na mimi je, Mama Mipila? Mimi huniulizi hata habali?"

"Wewe," mama akasema, bila kugeuka, "wewe nakuona unapumua."